Maji ya Kusuuzia Miche

Trekta haliwezi kulima kona. Likifika mwisho wa shamba linahitaji nafasi ya kugeukia, na pale linapogeukia hubaki kipande kilichochongoka chenye majani marefu na panya, bila ngano. Shemeji yangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la ngano la serikali, upande wa Hanang, na ndiye aliyenionyesha kona kubwa kuliko zote, ile ya korongoni. Alisema hapo hata madereva jeuri hawasogei, kwa sababu ukingo unabomoka na trekta linaweza kulala ubavu.

"Hapo serikali imewaachia panya," alisema.

Nilikuwa nimeshuka kutoka Endagikot baada ya kumaliza darasa la saba, ili nimsaidie dada kulea mtoto wake. Kwetu juu nyumba haikosi mboga. Unatoka mlangoni, unainama, unachuma, unarudi ndani maji hayajachemka. Kule kambini ngano ilianzia nyuma ya choo chetu ikaenda mpaka miguuni mwa mlima, lakini mboga ilikuja na lori la Jumamosi ikiwa imenyauka, na lori likikwama kwenye tope haikuja kabisa. Tulikula ugali na maharage. Tukichoka, tulikula chapati na maharage.

Mtoto wa dada alikuwa na vidonda kwenye pembe za mdomo. Tena jioni, wakati bado kuna mwanga wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano, alikuwa akijigonga mlangoni na kukanyaga kuku. Dada alidhani ni ukorofi, akawa anamchapa. Siku moja nilimpeleka zahanati kwa ajili ya vile vidonda, na nesi akamkalisha kwenye kona yenye giza, akanyoosha kijiko mbele yake. Mtoto alipapasa hewani.

"Huyu si mkorofi," nesi alisema. "Huyu haoni penye giza. Macho yake yanataka majani."

Nesi huyo alikuwa mtu wa Tanga, amehamishiwa kwetu. Alivaa sweta juu ya sare yake mwaka mzima kwa sababu baridi yetu ilimshinda, na ushungi juu ya sweta. Alizungumza Kiswahili kirefu, kinachozunguka, na kina mama wa kambini walipenda kumsikiliza hata asipokuwa na jambo la maana. Aliwapima watoto wengine na kijiko chake, akakuta wengi walikuwa wakipapasa hewa. Basi akaenda kwa meneja kuomba ile kona ya korongoni. Meneja alisema kona hiyo haina kazi, tuichukue.

Hivyo ndivyo bustani ilivyoanza. Hakuna aliyelipwa wala kulazimishwa. Aliyemaliza kazi za nyumbani alibeba jembe lake akaja. Aliyekuwa na kichanga alikilaza kivulini, na mimi nikapewa kazi ya kuwatazama, kwa kuwa sikuwa mtu wa maneno mengi na watoto walinyamaza nikiwa nao.

Aliyetuongoza kwenye kulima hakuwa nesi, maana nesi alishika jembe kama anashika ufagio. Alikuwa mke wa fundi mkuu wa karakana, mama mmoja mnene kutoka Bashay, huko huko kwetu juu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya korongo bila kuinuliwa.

"Dada nesi," alimwambia siku ya kwanza, "wewe tuombee tu. Ukiendelea hivyo utajikata kidole na hatuna nesi mwingine."

Jembe la kwanza lilizama mpaka kwenye mpini. Udongo ulikuwa mweusi, laini, haukuwa na jiwe. Mama mnene alipiga magoti, akachota kiganja, akanusa, halafu akatupitishia na sisi tukanusa mmoja mmoja. Ilikuwa samadi iliyooza miaka mingi. Palikuwa zizi.

Nataka kueleza jambo hili vizuri. Kwetu juu samadi ina mwenyewe. Ng'ombe hulala ndani ya nyumba na watu, na kinachotoka kwao hubebwa kichwani mpaka shambani, karai kwa karai. Huwezi kuchota hata kidogo katika lundo la jirani bila kuomba. Nimeona watu wazima wakikalishwa mbele ya wazee kwa sababu ya karai moja. Tulilijua hilo wote tuliokuwepo pale. Na bado tulipokuta zizi zima tulifurahi tu, tukaanza kuimba wimbo wa kanisani. Sijui kwa nini hakuna aliyeuliza lilikuwa la nani. Labda kwa sababu mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa.

Tulipanda mchicha kwanza, ukaota haraka mpaka tukaogopa. Mtoto wa dada alikula na kulia, maana vidonda vilimwuma, halafu akaongeza. Ndipo nesi akarudi kutoka likizo na mbegu za sukuma wiki na kabichi, mbegu nzuri za dukani, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku lake. Mbegu kama hizo hazimwagwi tu ardhini. Zinataka kitalu.

Pembeni mwa kona palikuwa na kichuguu, au ndivyo tulivyoona. Kilikuwa kirefu kuliko mtu, kimeota nyasi pande zote, na juu yake kulikuwa na mti mdogo uliojiotea. Kwetu udongo wa kichuguu ndio wa kukandikia sakafu na kuta. Ni mzito, hauna changarawe, na ukiuchanganya na samadi nyingi unashika maji vizuri kitaluni.

"Mchwa wametufanyia kazi," mama mnene alisema. "Tusiwaache waone tumedharau."

Tulikata ubavu mmoja kwa majembe. Tulijipanga mstari, makarai yakapita mkono kwa mkono mpaka kitaluni. Nakumbuka nilishangaa kwamba hakukuwa na mchwa hata mmoja. Nakumbuka pia kulikuwa na vipande vya miti iliyooza ndani ya ule udongo, imesimama, kama nguzo. Sikusema. Hakuna aliyeniuliza, na mimi si mtu wa kuanza.

Miche iliota. Asubuhi moja kitalu kilikuwa udongo mtupu, siku iliyofuata kilikuwa na rangi ya kijani, hafifu, ya kuonekana ukiinama. Nilipewa kazi ya kumwagilia. Maji yalitoka kwenye kidimbwi korongoni, na nilimwaga kwa kopo lililotobolewa matundu ili yasiiangushe.

Nilikuwa namwagilia hivyo asubuhi moja alipokuja bibi mmoja.

Alitokea upande wa korongo, peke yake, mrefu, amevaa ngozi iliyolainishwa kwa mafuta na bangili za shaba mpaka kwenye viwiko. Alikuwa Mbarabaig, mmoja wa wale watu wa ng'ombe. Ng'ambo ya korongo walikuwa wamesimama wanaume wawili na mikuki yao, hawakuvuka. Bibi hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichuguu, akazunguka mpaka upande tuliokata. Akaingiza mkono kwenye lile pengo. Akakaa nao humo muda, kama mtu anayepapasa ndani ya mtungi kujua umebaki unga kiasi gani. Halafu akakaa chini.

Sasa, bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kwao. Aliolewa juu kwetu akiwa msichana, na alipozeeka aliacha kusema Kiiraqw, lugha yetu, akarudi kwenye lugha yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula. Kwa hiyo nilikuwa na lugha ile, ingawa sikuwahi kuisema nje ya nyumba ile moja. Nilisogea, nikainama, nikamsalimu kama nilivyomsalimu bibi yangu.

Aligeuka taratibu. "Nani amekufundisha kusema kama maiti?"

Nilimwambia ni bibi yangu.

"Kumbe. Maneno hayo hakuna anayeyasema sasa. Unasalimu kama mama yangu mkwe." Nusura acheke, kisha akakumbuka alipokaa. "Mjukuu, udongo umekwenda wapi?"

Nilimwonyesha kitalu. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Mmempandia majani," alisema.

Ndipo akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba kile si kichuguu. Ni mume wake. Alizikwa hapo katikati ya zizi lake mwenyewe, na watu walikuja kutoka mbali, wakakijenga kidogo kidogo kwa miezi mingi, tabaka juu ya tabaka, na pombe ya asali ikapikwa. Si kila mtu hujengewa hivyo. Baadaye mashine zikaja, wao wakasogezwa, lakini kila mwaka alirudi kupaka siagi juu yake na kung'oa nyasi. Mwaka huo malisho yalikuwa yameisha kabisa, na wanawe waliamua kuhama na ng'ombe mbali, kusini. Alikuja kuaga. Aliona miguu yake ilivyo na akajua hatarudi tena.

"Siwezi kumwacha amekatwa," alisema. "Wanangu wale pale wana hasira. Nimewaambia wakae ng'ambo mpaka niongee. Ng'ombe wanaondoka kesho alfajiri, kabla madimbwi ya huko njiani hayajakauka. Waite wakubwa wako."

Niliacha kopo pale pale. Nilikwenda mlango kwa mlango kambini, na kila mlango nilisimama bila kujua nianze na neno gani. Kwa nesi nilisema tu, "Kile kichuguu ni kaburi," naye akavua glavu akanifuata.

Kina mama walikuja na majembe, wakidhani kuna nyoka. Tukakaa kwenye nyasi, bibi upande mmoja, sisi upande mwingine, na mimi katikati, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukaa hapo. Nilieleza niliyoambiwa. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, lakini walielewa, kwa maana nyuso zao zilianza kuangalia chini.

Aliyekuwa wa kwanza kusema ni mama mnene. Nadhani aliona aibu, na yeye aibu humtoka kwa njia ya mdomo.

"Mwambie hatukujua. Na mwambie hapa ni shamba la serikali, tumepewa, hatukuiba. Mwambie Mang'ati wanapita kila siku na ng'ombe wao kwenye ngano na hakuna anayewakalisha chini hivi."

Neno hilo, Mang'ati, watu wao hawalipendi. Nilimwambia bibi, "Anasema hatukujua. Anasema tumepewa."

Bibi alimtazama mama mnene, akanitazama mimi. "Amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Alikusalimu kwanza."

"Salamu ndefu," bibi alisema. "Mwulize, amewapa nani?"

"Meneja," mama mnene alijibu.

"Huyo alikuja lini?"

Hakuna aliyejua. Meneja yule alikuwa wa juzi tu, kabla yake kulikuwa na mwingine.

"Mimi nimezaa watoto wangu wote hapo alipokalia yule mama mnene," bibi alisema, akaelekeza fimbo. "Mlango wa nyumba yangu ulikuwa hapo. Kitanda upande huu. Mwambie."

Nilimwambia.  Mama mnene akainua makalio yake, yote, kwa mikono miwili, akasogea pembeni kama mtu aliyekalia nguo ya mwenzake. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka mpaka jioni.

"Anataka nini?" nesi aliuliza.

"Udongo urudi. Wote. Leo."

Nesi alitazama kitalu. Najua alikuwa anawaona wale watoto wanaopapasa hewa, kwa sababu na mimi nilikuwa namwona mtoto wa dada. Mchicha ulikuwa unakaribia kuisha. Mbegu nyingine zingepatikana Arusha tu, na likizo yake ilikuwa imekwisha.

"Mwombe wiki mbili," aliniambia taratibu. "Mwambie miche ikishakuwa na nguvu tutaihamisha, kisha tutarudisha udongo wote, mimi mwenyewe nitabeba. Kwetu pia kaburi halichezewi. Baba yangu amelala pwani, na ningesikia mtu amelichota kaburi lake ningekwenda kwa miguu. Mwambie hivyo pia."

Nilimwambia yote, hili sikupunguza. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie namwamini," alisema. "Lakini hizo wiki mbili mimi sina. Nikienda bila kuona, nitakuwa namwona hivi hivi, amekatwa, kila nikilala. Mwambie hivyo."

Nilipomaliza kutafsiri, nesi alivuta ushungi ukamfunika mdomo. Wengine walianza kunong'ona. Mmoja alisema tuwaite walinzi. Mwingine akamjibu, "Waje wafanye nini, walinde kaburi tulilochimba?" Ng'ambo ya korongo mmoja wa wanaume wale alikuwa amechuchumaa, mwenzake bado amesimama. Kwa desturi ya kwetu watu wakikaa namna ile hawainuki mpaka wawe na neno moja, na niliona kwamba tungekaa pale mpaka jua lizame.

Mama mnene ndiye aliyeinuka. Alikwenda kitaluni, akachuchumaa, akachokoa mche mmoja kwa kijiti. Ulitoka na donge la udongo. Alilitumbukiza kwenye ndoo yangu ya kumwagilia, akalitikisa. Udongo ukaachia. Aliinua mche, mizizi yake myeupe ikining'inia kama nyuzi.

"Kwa hiyo tunaiosha," alisema. "Mche mmoja mmoja. Tunaipanda kwenye hii samadi ya zizi, bila udongo wa kaburi."

"Itakufa," nesi alisema. "Bado midogo mno."

"Mingine itakufa. Mingine haitakufa. Wewe wagonjwa wako wote wanapona?"

Nesi alimtazama, halafu akakunja mikono ya sweta.

Tulifanya kazi mchana wote. Wawili walichimba matuta mapya penye udongo wa zizi mtupu. Waliobaki tulizunguka kitalu, tukachokoa miche, tukaisuuza kwenye makarai, tukailaza juu ya gunia bichi. Ilikuwa midogo kiasi kwamba vidole vya mama mnene viliifunika yote, ukadhani anaosha maji kwa maji. Nesi, ambaye jembe lilimshinda, ndiye aliyekuwa na mikono mizuri kuliko sisi sote kwenye kazi hiyo. Hakuvunja hata mmoja. Dada yangu alikuja na mtoto mgongoni, akashika karai bila kuuliza, maana alishasikia kwangu njiani. Kitalu kilichoachwa wazi kilichotwa kwa majembe na kubebwa kichwani mpaka chini ya kaburi. Samadi tuliyokuwa tumeichanganya humo ilikwenda nayo, hakukuwa na namna ya kuzitenga.

"Haidhuru," bibi alisema nilipomweleza. "Ni ya ng'ombe wake."

Karai la kwanza lilipojaa tope, dada alilibeba akaenda kulimwaga korongoni. Bibi aliinua fimbo yake juu. Lilikuwa jambo la kwanza kulifanya kwa haraka tangu asubuhi.

"Hayo pia," aliniambia. "Yumo humo."

Nilikimbia kumshika dada mkono. Kuanzia hapo hakuna tone lililomwagwa. Maji ya kusuuzia yalikuwa mazito kama uji, na tuliyabeba kwa uangalifu zaidi kuliko tulivyowahi kubeba maji ya kunywa. Tulipoyafikisha tukakuta ndiyo hasa yaliyohitajika, kwa sababu udongo mkavu haushiki bila maji, na sisi hatukuwa tumefikiria maji ya kukandikia yangetoka wapi.

Ila kukandika hakukuwa kwetu. Mama mnene alipotaka kuanza, bibi alikataa kwa kichwa. Akapiga mluzi. Wale wanaume wawili wakavuka korongo. Kina mama walirudi nyuma kidogo. Walichomeka mikuki yao ardhini pamoja, wakavua mashuka ya juu, wakaingia kwenye tope kwa miguu wakalikanyaga. Halafu wakaanza kujaza lile pengo kwa mikono, bonge kwa bonge, bibi akiwaelekeza kwa fimbo kama mtu anayepanga vyombo nyumbani kwake. Sura zao zilikuwa na hasira mwanzoni. Ni vigumu kubaki na hasira ile ile ukiwa na tope mpaka kwenye masikio.

Mama mnene alikuwa akiwapitishia makarai. Akamtazama yule mdogo muda, akaniita.

"Mwambie huyu kijana anakandika vizuri kuliko mume wangu. Akimaliza hapa aje anikandikie jiko, nitampa chapati."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Yule kijana alikuwa ananitazama akisubiri.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Anasema unafanya kazi vizuri."

"Salamu ndefu," bibi alisema kutoka nyuma yangu, na kijana akacheka, akijua kabisa kwamba kulikuwa na zaidi. Mama mnene alicheka kwa sababu kijana amecheka. Halafu wengine. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

Jua lilipoinama lile pengo halikuwepo tena. Sehemu mpya ilikuwa nyeusi na inang'aa, ile ya zamani ina nyasi, lakini umbo lilikuwa moja. Bibi alizunguka, akiweka kiganja kila mahali. Wanawe walimwinua akafika juu penye ule mti mdogo, akatoa siagi kwenye kibuyu, akaipaka, akisema maneno ambayo hata bibi yangu hakuwahi kunifundisha. Kwa hiyo sikuyatafsiri, na hakuna aliyeniomba.

Aliposhuka aliosha mikono yake kwenye karai la mwisho, na hayo pia wanawe wakayamwaga chini ya kaburi. Alikuja kwetu. Alikwenda mpaka kwenye matuta mapya, akaona miche imelala chini, imenyauka, imefunikwa na mabua ya ngano ili jua lisiimalize.

"Hii ni ya nini hasa?" aliniuliza. "Majani haya."

Nilimwita dada, nikamgeuza ili bibi amwone mtoto mgongoni. Nilieleza habari ya macho ya jioni. Jua lilikuwa limekaribia mlima. Bibi alinyoosha kidole chenye pete karibu na uso wa mtoto, na mtoto akakifuata kwa macho kidogo, akakipoteza.

 Kisha bibi alisema kwa wote, ingawa alijua ni mimi tu niliyekuwa nasikia, "Ng'ombe walikuwa wangu na wake. Samadi hii ni yetu. Nimewapa. Kuleni."

Nilitafsiri. Mama mnene, ambaye kwao watu hukalishwa kwa karai moja la samadi, alipiga goti pale pale penye tope akashika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili. Alisema, "Shikamoo, mama." Alikuwa hajamwamkia tangu asubuhi.

"Hiyo je?" bibi aliniuliza.

"Hiyo ni salamu tu," nilisema. "Fupi."

Waliondoka alfajiri kama walivyosema. Nilisikia kengele za ng'ombe nikiwa nawasha moto.

Miche mingi ilikufa. Kwa siku kadhaa tulikwenda kuitazama kama watu wanaotembelea wodi, nesi akiinua mabua na kuyarudisha. Halafu iliyobaki ikasimama. Haikutosha kambi nzima, basi tukakubaliana iwe ya watoto wa kile kijiko kwanza, na mama mnene akawa mlinzi wake, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kuchuma. Mtoto wa dada alikula sukuma wiki mpaka kinyesi chake kikabadilika rangi, dada akaja kuniambia kwa furaha kana kwamba ni habari ya redioni. Siku moja jioni mtoto alimfukuza kuku kuzunguka nyumba yote, akapita mlangoni bila kujigonga, akamkamata.

Shemeji aliwaeleza madereva wenzake, wakawa wanageukia mbali zaidi pale korongoni, wakaacha ardhi pana kuliko trekta linavyohitaji. Siku moja wakati wa chakula alisema kwamba katikati ya shamba, alipoanza kazi, vilikuwepo vichuguu vingine kadhaa kama kile. Sasa pote hapo ni ngano.

Mvua zilipokuja, lile tope jipya lilishika. Nyasi zikaota juu yake. Na kwenye ubavu, upande tulioukata, ukatokea mche wa sukuma wiki. Bila shaka ilikuwa mbegu iliyochelewa kuota kitaluni, ikapita ndani ya maji ya kusuuzia bila mtu kuiona. Ulinenepa kuliko yote ya bustanini, majani mapana kama sinia. Kina mama walipita hapo kila siku na vikapu vyao, kipindi ambacho mboga ilikuwa haitoshi.

Hakuna aliyeuchuma. Uliachwa ukarefuka, ukatoa maua ya manjano, nyuki wakaja. Nilipokuwa napalilia karibu yake mama mnene alikuwa akiniambia nisimwage maji machafu upande ule, na nilipokwenda kusalimia nyumbani Endagikot nilimwachia kopo langu, naye akawa anaumwagilia.